Unapobonyeza, Nani Yuko Upande wa Pili?

Kijiwe cha bodaboda ninachopandia asubuhi kiko Mwenge, na dereva wangu wa kila siku ni kijana ambaye simu yake hailali. Wiki iliyopita, kabla hajanipa kofia, akanigeuzia skrini. "Kaka, hebu niambie. Hiki kitu ni benki, ni duka la kubadilishia fedha, au ni kampuni ya beti?"

Swali lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Programu aliyopakua ilikuwa ya kripto, yaani sarafu za kidijitali, moja kati ya zile zinazojitangaza kwamba zina kila kitu. Chini ya skrini kulikuwa na vitufe vitatu: cha kununua na kuuza sarafu, cha kadi ya malipo, na cha kutabiri mechi. Juu yake ilikaa namba moja kubwa: 37.74 USDT. Alikuwa ameingiza laki moja.

Namba hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Ukibonyeza kitufe cha kwanza, ipo. Cha pili, ipo. Cha tatu, ipo vilevile. Macho yanaona pesa ileile ikisubiri kutumwa kazi tofauti, kumbe kila kitufe kinakufungisha mkataba na mtu mwingine kabisa. Mmoja ni mfanyabiashara usiyemjua, mwingine ni msururu wa kampuni za kadi, mwingine ni mtu anayeomba timu yako ifungwe. Na nyuma ya wote yupo yule anayeshika namba yenyewe. Nikamwambia tuifuate hiyo laki moja tangu ilipotoka kwenye simu yake. Hesabu nyingine tulizifanya njiani, nyingine nimezikamilisha nyumbani.

Laki ilivyogeuka USDT

USDT ni sarafu inayotolewa na kampuni iitwayo Tether tangu 2014. Ahadi yake ni fupi: USDT moja ni dola moja ya Marekani, kwa sababu kampuni inadai ina akiba ya kutosha, sehemu kubwa ikiwa hati za deni za serikali ya Marekani. Kwa hiyo USDT si dola. Ni deni la kampuni kwako lililoandikwa kwa kipimo cha dola. Mara nyingi haliyumbi, ndiyo maana watu wengi wanalikimbilia kuliko Bitcoin, ambayo Novemba 2021 ilikaribia dola 69,000, mwaka mmoja baadaye ikawa kwenye 16,000, na Desemba 2024 ikavuka dola laki moja. Lakini sarafu za aina ya USDT nazo zimewahi kuyumba. USDC, ambayo ni ndugu yake, ilishuka chini ya senti 90 Machi 2023 pale benki moja ya Marekani iliyokuwa imehifadhi sehemu ya akiba yake ilipofilisika. Nyingine iliyoitwa UST haikuwa na akiba ya dola nyuma yake, ilitegemea ujanja wa hesabu tu. Mei 2022 ilianguka na haikuinuka.

Kijana wangu alinunua kwa njia ambayo wengi hapa mjini wanaitumia, ile ya mtu kwa mtu, wenyewe wanaiita pi-tu-pi. Hakuna benki katikati. Muuzaji anatangaza bei yake, wewe unachagua, kampuni inazifungia USDT za muuzaji zisitoke, unamtumia shilingi kwa simu, akithibitisha kwamba zimeingia USDT zinahamia kwako. Ni wazo zuri, na kwa mtu aliyekulia kwa mawakala wa pesa za simu halihitaji somo refu.

Gharama yake imejificha kwenye bei. Tuseme siku hiyo dola inabadilishwa kwa shilingi 2,600. Muuzaji alimpa kwa 2,650, na laki moja ikazaa 37.74. Akitaka kuzirudisha saa hiyohiyo bila kufanya chochote, wanunuzi wanampa 2,560, sawa na shilingi 96,600 na ushee. Elfu tatu na mia nne zimeshakwenda, na bado hujahesabu makato ya kutuma na ya kutolea. Anayekwambia kwamba kripto haina makato hajawahi kuingia na kutoka.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye jina. Ukiuza USDT na pesa ikaingia kutoka kwa mtu ambaye jina lake si lile lililo kwenye programu, inawezekana pesa hiyo imeibwa mahali, na mwenyewe akilalamika laini yako ndiyo itakayofungwa. Na kuna ule utapeli wa kizamani uliobadilisha shati tu: ujumbe mfupi unaofanana kabisa na wa mtandao wa simu, "umepokea Tsh 250,000", umetumwa na namba ya kawaida. Mtu anauamini, anaziachia USDT, akiangalia salio anakuta alichokuwa nacho asubuhi. Ujumbe si pesa. Salio kwenye menyu ndilo pesa.

Anayeshika namba

Hapa ndipo nilipokaa na kijana wangu muda mrefu, tena kwenye foleni, mahali ambapo dereva wa bodaboda hapendi kukaa.

Salio lako la pesa za simu lina kivuli chake benki. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 na kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka huohuo zinataka kila shilingi iliyo kwenye simu za wateja iwe na shilingi yake kwenye akaunti ya amana, ambayo kampuni ya simu haiwezi kuichota ikalipie matangazo. Wakala akiishiwa floti anakwambia "sina", na habari inaishia hapo. Yeye hawezi kujitungia floti.

Kwenye programu ya kripto, ile 37.74 ni mstari kwenye daftari la kampuni. Mara nyingi hakuna sarafu yoyote yenye jina lako popote. Kuna bwawa moja kubwa la sarafu za wateja wote, na kumbukumbu kwamba wewe unadai kiasi fulani. Unamwamini mwenye daftari kwamba bwawa halijakauka.

Madaftari ya namna hiyo yameshadanganya. Mt. Gox ya Tokyo, ambayo zamani ilikuwa inashika sehemu kubwa ya biashara ya Bitcoin duniani, ilianguka Februari 2014 ikisema Bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani. Baadaye ikaokota kama 200,000. FTX ilifilisika Novemba 2022 baada ya kubainika kwamba fedha za wateja zilikuwa zikikopeshwa kimyakimya kwa kampuni dada, Alameda. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa miaka 25 jela Machi 2024. Siku chache kabla ya kuanguka, wateja wa FTX walikuwa wakifungua programu na kuona namba zao zote ziko palepale, nzuri, za kijani. Februari 2025 wezi wakaingia Bybit wakatoka na sarafu zenye thamani ya karibu dola bilioni 1.5. Bybit ilisema itafidia na ikaendelea na kazi, lakini huko ni kupona kwa tajiri. Kampuni ndogo isingeamka.

Njia ya kukwepa daftari la mtu ni kuwa na pochi yako mwenyewe: programu au kifaa kinachotunza ufunguo, na ufunguo wenyewe unaandikwa kwa maneno 12 au 24 ya Kiingereza. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye pesa, basi. Ukiyapoteza hakuna ofisi Posta utakayokwenda na kitambulisho cha NIDA wakurudishie. Ukiyapiga picha ukayaacha kwenye simu, siku simu ikikwapuliwa Manzese umempa mwizi vyote viwili. Kwa mtu mwenye laki moja sidhani pochi hiyo ina haja sana. Kwa mwenye milioni kumi, ningemshangaa akiziacha kwenye programu yenye kitufe cha kubeti.

Halafu kuna suala la njia. USDT hiyohiyo husafiri kwenye mitandao tofauti: Tron, ambayo anwani zake huanza na herufi T, Ethereum, ambayo zake huanza na 0x, na mingine. Ni kama mzigo wa Mbeya. Unaweza kupanda basi au TAZARA, lakini ukimwambia mwenyeji akakupokee kituo cha reli wakati umepakia basi, mtapishana. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma USDT 40 kwa mtandao ambao upande wa kupokea haukuwa ukiutumia. Zilifika, maana kwenye daftari la wazi la blokucheni ninaziona hadi leo zimekaa. Kampuni iliyopokea ikaniandikia kwa adabu kwamba haiwezi kunisaidia. Nikitaka kuhuzunika huwa nafungua ule ukurasa nazitazama.

Kitufe cha kwanza: biashara

Ukibonyeza "nunua" kwenye soko la kawaida, aliye upande wa pili ni mtu anayeuza kwa bei hiyo. Kampuni ni dalali, inachukua ada, nyingi zikitoza kama asilimia 0.1 kwa muamala. Ukinunua Bitcoin ya dola 30 ikashuka nusu, una ya dola 15. Umeumia, ila bado unayo, na unaweza kukaa nayo mpaka nywele ziote mvi.

Shida ni kile kitufe kidogo kilicho pembeni, chenye alama ya 10x, 50x, hata 100x. Hapo dalali amegeuka mkopeshaji. Ukiweka dola 30 kwa 10x unafanya biashara ya dola 300, na dola 270 si zako. Bei ikipanda asilimia 5 unapata dola 15, nusu ya mtaji wako, na ndiyo picha utakayotumiwa WhatsApp. Bei ikishuka karibu asilimia 10, ile 30 yako yote imemezwa, na kampuni inaufunga mkataba kabla hasara haijagusa pesa yake. Kwa 50x inatosha kushuka asilimia 2. Bitcoin huweza kutikisika asilimia 2 wakati wewe unakula wali maharage, ikarudi palepale kabla hujanawa. Vijana wa foreksi wana neno lao, kuunguza akaunti. Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba unaweza kuwa sahihi kabisa juu ya mwelekeo wa bei na bado ukaungua, kwa sababu ilipita kwanza upande usioutaka.

Kijana wangu alikuwa ameshajaribu 20x kwa dola tano. Ziliisha dakika kumi na moja. Alihesabu.

Kitufe cha pili: kadi

Hapa sina mengi. Kadi ya kripto ikitumika supamaketi ya Mlimani City, muuzaji haoni kripto yoyote. Kampuni inaiuza USDT yako, dola zinapita kwenye mtandao wa Visa au Mastercard, zinageuzwa shilingi, muuzaji anapata shilingi. Umebadilisha pesa mara mbili, shilingi kwenda USDT halafu USDT kurudi shilingi, ili ununue sukari ambayo ungeinunua kwa lipa namba. Kila mageuzi mtu amekata chake. Mama ntilie hana mashine ya kadi, daladala haina, genge halina. Kwa matumizi ya kila siku Dar, kitufe hiki ni pambo.

Penye maana ni pale pesa inapovuka mpaka. Msanifu wa picha wa Sinza anayefanya kazi na mteja wa Ulaya anaweza kulipwa USDT ndani ya dakika chache, badala ya kusubiri siku kadhaa na makato ya benki mbili. Mwenye duka la vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, aliniambia kwamba mwaka 2023, dola zilipoadimika benki, alikuwa anazungushwa wiki nzima kwa ajili ya kumlipa mtu wake wa Guangzhou, ndipo jirani akamfundisha USDT. "Sikuingia kwa mapenzi," akasema, "niliingia kwa foleni." Namuelewa. Nilimuuliza kama anajua Benki Kuu inasema nini kuhusu hilo, akaanza kupanga makava ya simu.

Kitufe cha tatu: mkeka

Kutabiri mechi kwa kripto kuna sura mbili, na programu nyingi zinaziweka pamoja bila kukwambia uko kwenye ipi.

Ya kwanza ni kubeti kama tunavyokujua, ila kwa USDT. Upande wa pili yuko mwenye kampuni, naye ndiye anayepanga odi, yaani dau lako litazidishwa mara ngapi ukishinda. Chukua odi za kubuni za dabi ya Kariakoo: Yanga 2.10, sare 3.10, Simba 3.40. Gawanya moja kwa kila odi upate uwezekano ambao kampuni inauuza: asilimia 47.6, 32.3 na 29.4. Jumlisha. Inakuja 109.3. Lakini mechi haiwezi kuwa na uwezekano unaozidi 100; ile 9.3 iliyozidi ndiyo mshahara wa mwenye nyumba. Ukigawanya 100 kwa 109.3 utaona kwamba katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa kwenye soko hilo, wabetiji kwa ujumla wao wanarudishiwa kama 915.

Sasa njoo kwenye mkeka. Ukiunganisha mechi kwenye tiketi moja, yale makato hayajumlishwi, yanazidishana. Mechi tano zenye makato ya namna hiyo: 0.915 mara yenyewe mara tano ni 0.64. Mechi nane, 0.49. Kwa mkeka wa mechi nane, kabla mpira haujawekwa kati, nusu ya buku yako kwa wastani imeshakuwa ya kampuni. Ndiyo maana mikeka mirefu inapewa bonasi na kutangazwa kwa picha za watu wenye hundi kubwa. Kijana wangu aliponisikia akasema, "Kumbe mkeka unachanika dukani, si uwanjani." Nimeiiba kauli yake.

Sura ya pili ni soko la utabiri. Hapa hakuna anayepanga odi. Kuna hisa ya "ndiyo" na hisa ya "hapana" kuhusu jambo, na hisa itakayokuwa sahihi inalipa dola moja, isiyo sahihi inalipa sifuri. Ukiona "Arsenal itashinda" inauzwa senti 62, soko linasema uwezekano ni kama asilimia 62. Unayenunua kwa 62, yupo mwenzako aliyenunua "hapana" kwa 38. Jumla dola moja, mshindi anaichukua. Timu yako ikifunga mapema hisa ikapanda 80, unaweza kuuza ukaondoka bila kungoja filimbi ya mwisho. Polymarket, iliyoanzishwa 2020 ikitumia USDC, ndiyo iliyoifanya namna hii ijulikane, hasa wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 2024. Hata huko kwao haikupita bila makofi: Januari 2022 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya bidhaa na mikataba ya baadaye iliitoza faini ya dola milioni 1.4 kwa kuendesha soko bila usajili.

Kwa hesabu tupu, soko la utabiri linaweza kumkata mteja kidogo kuliko kampuni ya beti. Lakini mwenye nyumba akiondoka, wanabaki wanaojua. Anayekuuzia "hapana" kwa senti 38 anaweza kuwa kijana kama wewe, au kompyuta inayosoma taarifa za majeruhi kabla kocha hajamaliza kusema. Na kwenye mechi zisizofuatiliwa duniani utajikuta peke yako: ya Ligi Kuu ya Uingereza ina wanunuzi tele, ya Namungo na Coastal Union, ukinunua hisa, wa kumuuzia utamtafuta kwa tochi.

Kisha kuna swali ambalo hakuna anayelisoma mpaka limuume: nani anasema matokeo ni yapi? Tunao mfano wetu. Machi 8, 2025 Simba na Yanga walipaswa kucheza kwa Mkapa. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani na kwamba hawatacheza. Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi siku yenyewe, Yanga wakadai pointi tatu, mabishano yakaenda mpaka Juni 25, mechi ilipochezwa na Yanga kushinda 2-0. Sasa fikiria ulikuwa umenunua "Yanga itashinda mechi ya Machi 8". Umeshinda, umeshindwa, au urudishiwe? Kampuni ya beti huwa na kanuni ya mechi zilizoahirishwa, mara nyingi kurudisha dau. Kwenye soko la utabiri, jibu liko kwenye sentensi iliyoandikwa siku soko linafunguliwa. Polymarket, kwa mfano, ubishi ukizidi hupelekwa kwenye mfumo wa UMA, ambako wenye sarafu ya UMA hupiga kura. Mtu asiyejua Jangwani wala Msimbazi anaweza kukuamulia dabi.

Na bonasi. "Weka dola 20, tunakupa 10." Soma mstari wa chini: huwezi kuitoa mpaka uibeti mara, tuseme, 20. Kumi mara ishirini ni dola 200 za kubeti, na kwa makato ya asilimia 8.5 tuliyoyaona, wastani wa hasara ni dola 17, ili upate zawadi ya dola 10.

Kuna kitufe cha nne ambacho kijana wangu hakuwa nacho lakini kinazunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp: "weka sarafu, upate asilimia mbili kila siku". Waliokuwa watu wazima 2009 wanakumbuka ule upatu wa DECI, watu walivyopanda mbegu wakingoja kuvuna. OneCoin ya Ruja Ignatova ilifanya hivyohivyo kwa jina la kripto tangu 2014, ikakusanya zaidi ya dola bilioni 4 duniani; mama mwenyewe alipotea Oktoba 2017 na polisi wa Marekani bado wanamtafuta. OneCoin hata blokucheni ya kweli haikuwa nayo.

Mgambo na meza ya machinga

"Sasa kaka, serikali inaruhusu au hairuhusu?"

Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu za namna hii hazitambuliki kama fedha halali, na kwamba kuzifanyia biashara, kuzitangaza na kuzitumia ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Juni 13, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akizindua jengo la Benki Kuu Mwanza, aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa teknolojia hii isije ikaikuta haijajipanga. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamisho wa mali za kidijitali, kuanzia Julai 1 mwaka huo. Ni asilimia 3 ya malipo, si ya faida; uliyepata hasara nawe umo.

Picha ninayoiona ni ya mgambo anayekusanya ushuru wa meza mahali palipobandikwa kibao kwamba machinga hawaruhusiwi. Ushuru umelipa, stakabadhi unayo, na kibao bado kipo. Kuwepo kwa kodi hakumaanishi leseni. Kampuni isiyosimamiwa hapa ikizuia pesa yako, hakuna dirisha Benki Kuu la kupeleka malalamiko hayo.

Kwenye beti mambo yako wazi zaidi. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inasimamia chini ya sheria ya 2003, umri ni miaka 18, na kodi ya ushindi inakatwa kabla hujalipwa. Tovuti ya kripto inayofanya kazi kwa leseni ya Curaçao, kisiwa cha Karibi, haiko mkononi mwa bodi hiyo. Nyingine zinakupokea bila kitambulisho chochote, unaweka na kubeti utakavyo, halafu siku unataka kutoa dola 800 ndipo wanakumbuka kukuomba pasipoti, ankara ya umeme na picha umeshika karatasi. Ukiwa na shaka, omba kutoa kidogo mapema, kabla hujaweka kikubwa.

Hilo kijana wangu alilichukua kama kazi ya siku ileile. Tulipofika, kabla hajapokea nauli, akaweka tangazo la kuuza USDT 10 kwa pi-tu-pi. Mnunuzi wa kwanza alituma uthibitisho wenye jina la mwanamke ilhali programu ilisema mwanaume. Akaghairi, ingawa jamaa alimwandikia matusi kidogo. Wa pili jina lilioana. Alitumiwa 25,600, hakuusoma ujumbe, akaingia kwenye menyu akaangalia salio. "Imeingia," akasema, akaziachia zile USDT, akahesabu kwa vidole zilizobaki. Abiria mwingine alikuwa ameshapanda nyuma yake, anataka Makongo, tena anachelewa.